Spika ya Amazon niliyoletewa toka Marekani inagawia majirani intaneti yangu? Bando linayeyuka usiku

#1 Mtemi_Nyegezi (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naishi Nyegezi, Mwanza, upande wa kushukia ziwani. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Houston akaniachia spika ya Echo, ile unaita Alexa inaitika. Ipo sebuleni, muziki inapiga vizuri tu. Tatizo ni bando la ruta. Nalala likiwa limejaa, naamka nakuta GB 3 mpaka 4 zimeondoka wakati nyumba nzima ilikuwa inakoroma.

Katika kuperuzi nikakutana na kitu kinaitwa Amazon Sidewalk. Eti spika inakata kipande cha intaneti yako na kuwapa majirani, na inakuja ikiwa imewashwa tayari, hawakuulizi. Kwa hiyo mimi nanunua, mtaa unatumia? Halafu vifaa vya watu nisiowajua vikipita kwenye mtandao wangu, mimi usalama wangu uko wapi? Nina kamera nje na ndani. Wenye uelewa karibuni, wenye kejeli mpite kimya.

#2 Sato_Mkavu
Umeletewa shushushu sebuleni, ukamkaribisha kwa muziki. Hongera mkuu.

#3 Fundi_Mawimbi
Mleta uzi, usikurupuke. Sidewalk ilitangazwa 2019, ikawashwa rasmi tarehe 8 Juni 2021, na ni huduma ya Marekani. Inavyofanya kazi: spika yako inakuwa daraja. Kuna kifaa cha jirani kiko mbali na waifai yake, tuseme kufuli la geti au kitambuzi alichomvalisha mbwa. Kinatuma ujumbe mfupi kwa Bluetooth au kwa masafa ya MHz 900, spika yako inaudaka na kuusukuma kwenye seva za Amazon kupitia intaneti yako. Jirani hapati intaneti ya kuangalia mpira. Kinachopita ni "kufuli limefungwa", "mbwa yuko hapa", basi. Na umefungwa kwa tabaka tatu za usimbaji, hivyo wewe huoni cha jirani na yeye haoni chako.

Jambo la pili hakuna anayelisema. Marekani masafa ya 902 hadi 928 ni ya wote, hayahitaji leseni. Huku kwetu eneo hilo limekaliwa na mitandao ya simu: simu inapandisha kati ya 880 na 915, mnara unashusha kati ya 925 na 960. Kifaa cha Kimarekani kikianza kupiga kelele hapo katikati, kinapiga kelele kwenye shamba la watu. Na kwanza Nyegezi nzima nani ana kufuli la kuzungumza na spika yako?

#4 Kamanga_Ferry
Fundi umejibu kama msemaji wa kampuni. Mimi nimesoma kasi yake ni kilobaiti 80 kwa sekunde. Tupige hesabu: mtu akilala saa 8, hizo ni sekunde 28,800. Zidisha kwa 80. Inakuja GB 2.3! Mleta uzi anasema 3 mpaka 4. Tofauti ndogo sana hiyo. Msimtulize mtu wakati anaibiwa.

#5 Mwl_Hisabati_Igoma
#4 ni kiloBITI 80, siyo kilobaiti. Biti nane ndiyo baiti moja, kwa hiyo hiyo hesabu yako igawe kwa nane: unabaki na MB 288, tena ikikimbia kwa kasi yote bila kupumua usiku kucha. Na kuna kikomo kingine, MB 500 kwa mwezi kwa akaunti nzima, hata ukiwa na spika kumi. Yaani Sidewalk ingekuwa imewashwa, na Nyegezi ingekuwa imejaa makufuli ya Kimarekani, mwezi mzima isingekula anachopoteza mleta uzi kwa usiku mmoja.

#6 Kamanga_Ferry
Mwalimu, biti au baiti, bando la mtu limeisha.

#7 Binti_Isamilo
Mnabishana MB wakati swali la faragha limepita bila kuguswa. Mtemi, hiyo spika imesajiliwa kwa akaunti ya nani?

#8 Mtemi_Nyegezi
Ya shemeji. Yeye ndiye aliiwasha siku ileile kwa simu yake. Anwani iliyomo ni ya Houston.

#9 Sato_Mkavu
🤣🤣🤣 Unahofia jirani wa Nyegezi kumbe sikio liko Houston! Jiulize hapo sebuleni umeshamsema shemeji mara ngapi.

#10 Binti_Isamilo
Sato anatania ila hapo ndipo penyewe. Mwenye akaunti ndiye mwenye kila kitu. Akifungua apu ya Alexa anaona historia ya maombi yote, na kila kipande cha sauti kilichohifadhiwa anaweza kukisikiliza. Pia kuna kipengele cha Drop In: kikiwa kimeruhusiwa, mtu anaingia kwenye spika kama simu iliyojipokea yenyewe, anasikia chumba. Sisemi shemeji anafanya hivyo. Nasema ukitaka kujua, huwezi, kwa sababu mipangilio iko kwake.

Na tangu tarehe 28 Machi 2025 Amazon waliondoa ile chaguo iliyokuwepo kwenye baadhi ya Echo ya kuzuia sauti zisipelekwe kwao. Sasa zinakwenda kwenye seva zao, unachoweza kuchagua ni zisihifadhiwe. Na hicho nacho kinachaguliwa na mwenye akaunti.

#11 Mama_Kulwa_na_Doto
Mwadila wanangu. Hiyo Alexa mnayoiogopa haijui Kiswahili. Kwetu tukianza Kisukuma hapo itasikia nini? Kijana pokea muziki wako, usitie fitina kwa shemeji aliyebeba mzigo toka ng'ambo.

#12 Binti_Isamilo
Mwadila mama. Haijui Kiswahili ndiyo, lakini ikidhani imesikia jina lake inarekodi hata kama haijaelewa neno. Na mke wa shemeji anajua Kisukuma 😅

#13 Dagaa_Mwaloni
Niwape yangu, mtacheka lakini. Mimi niko Kirumba, biashara yangu dagaa. Nilifunga kamera uani kwa ajili ya mzigo. Kuna vipindi bando lilikuwa linakatika kama la mleta uzi, vipindi vingine kimya. Nikaja kugundua ni kipindi cha giza. Mnajua mwezi ukiandama wadudu wa ziwani wanatoka kwa mawingu, yale mawingu unayaona ziwani kama moshi. Kamera ina vitaa vya kuonea usiku, wadudu wanavifuata, kamera inahesabu kila mdudu ni mwizi. Inarekodi na kupandisha "mawinguni", yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni, usiku kucha. Ukiangalia video asubuhi ni mabawa tupu, na buibui mmoja kanenepa kwenye lenzi.

Mtemi yuko Nyegezi karibu na maji. Angalia kalenda ya mwezi kabla hujamgusa shemeji.

#14 Sato_Mkavu
Wadudu wa ziwa wanakula bando. Nimeishi kuyaona.

#15 Mwl_Hisabati_Igoma
Sato usicheke, hesabu inambeba Dagaa. Kamera ya picha safi ikipandisha kwa megabiti 1 kwa sekunde, kwa saa 8 ni GB 3.6. Hiyo ni kamera moja. Namba ya mleta uzi imekaa hapo hapo.

#16 Fundi_Mawimbi
Mwalimu hesabu iko sawa lakini inategemea. Kamera nyingi zinazouzwa hapa mjini zinaandika kwenye kadi iliyomo ndani yake. Hazipandishi video mawinguni mpaka ulipie. Zinakula bando ukifungua kutazama moja kwa moja, au mtu mwingine akifungua. Mtemi, una kadi au umelipia? Na nani mwingine ana hiyo apu?

#17 Mtemi_Nyegezi
Kadi ipo, sijalipia chochote. Apu ninayo mimi na mke wangu. Na fundi aliyefunga nadhani, maana ndiye aliyenitumia mwaliko ili nianze kuona.

Halafu sikutaja, kuna wapangaji wawili ua wa nyuma, vijana wa chuo. Waifai wanachangia kidogo kila mwezi.

#18 Kamanga_Ferry
MTEMI!! Yaani tumetoka Amazon tumefika Houston tumehesabu wadudu, kumbe una vijana wawili wa chuo kwenye mtandao wako!

#19 Sato_Mkavu
Kesi imefungwa. Mwenyekiti funga uzi.

#20 Mtoto_wa_Malimbe
Msitutupie kila kitu. Mimi mwenyewe nasoma huku Malimbe na nimepanga. Mwanafunzi anashusha vitu usiku kwa sababu mchana mtandao mzito, ndiyo, lakini mmeshaangalia simu za mwenye nyumba? Simu ikiwa kwenye chaji na waifai usiku ndipo inapandisha picha zote za siku na kusasisha apu. Nyumba yenye simu nne na video za harusi, GB 3 ni kitu gani.

Ila niwe mkweli kwa wenzangu. Kuna apu zinazolipa senti za dola kwa "kushiriki intaneti usiyoitumia". Hosteli nzima wanajua. Unaiweka, kampuni inauzia wateja wake njia ya kupita kwenye mtandao wako, wewe unapata vijisenti. Kama mpangaji wako kaiweka, basi swali lako la #1 jibu lake ni ndiyo, intaneti yako inagawiwa, ila spika haihusiki.

#21 Fundi_Mawimbi
#20 umesema kitu kizito. Hata VPN za bure, zile apu za kuficha unakotokea mtandaoni, zimeshafanya hayo. Mwaka 2015 ilibainika Hola ilikuwa inauza njia za watumiaji wake kupitia kampuni dada ya Luminati. Watu walidhani wamepata VPN ya bure, kumbe wao ndio mtandao unaouzwa.

Linganisha sasa. Sidewalk: ina kikomo cha MB 500, mgeni hafiki kwenye tovuti yoyote, ujumbe unaishia kwa Amazon, na kuna kitufe cha kuzima. Hizi nyingine: hakuna kikomo, mtu wa nchi nyingine anafungua tovuti yoyote na inaonekana imefunguliwa kutoka kwako. Na ruta yako ina laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole.

#22 Mzee_wa_Pasiansi
Naona wote mmeipita televisheni. Mtemi, una ile boksi ya Android ya bei chee, isiyo na jina la maana, inayokuja na chaneli zote za mpira bure?

#23 Mtemi_Nyegezi
Ninayo mzee wangu. Inahusikaje?

#24 Mzee_wa_Pasiansi
Inahusika sana. Mwezi Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0. Boksi za televisheni, vioneshi vya ukutani, fremu za picha, zinatoka kiwandani au dukani zikiwa na programu chafu ndani, au zinaipata unaposhusha ile apu ya chaneli za bure. Ukiziunganisha na waifai, nyumba yako inakuwa kichochoro cha wahalifu kupitisha shughuli zao. Mwezi Julai mwaka huohuo Google wakafungua kesi, wakasema ni zaidi ya vifaa milioni 10. Boksi haizimi ukizima televisheni, inabaki macho. Nyumbani kwangu niliichomoa, nikamkabidhi mjukuu aichezee bila waya.

#25 Kamanga_Ferry
Kwa hiyo leo mshukiwa ni nani? Spika, shemeji, mdudu, mwanafunzi, simu ya mama, au boksi? Mimi nabaki na Amazon. Kampuni inayowasha kitu nyumbani kwa mtu bila kumuuliza haiwezi kuwa mtu mwema.

#26 Binti_Isamilo
Kwa hilo la kuwasha bila kuuliza nipo na Kamanga, hata kama MB ni kidogo. Kinachoniuma ni mpangilio wa kazi: wao wanajenga mtandao mkubwa, wamewahi kujigamba mwaka 2023 unafikia asilimia 90 ya Wamarekani, na umeme, bando na kuta ni vya wananchi. Mwenye nyumba ndiye anatakiwa ajue kuna kitufe, akitafute, akizime. Wangeweka kinyume chake, kizimwe hadi mtu aseme ndiyo, wangefikia asilimia ngapi?

Na Amazon hao hao wanamiliki kamera za Ring. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki, wakakubali kulipa dola milioni 5.8, kwa sababu wafanyakazi na vibarua waliachiwa mlango wazi kutazama video za wateja, za vyumbani humo. Usimbaji wa tabaka tatu ni mzuri. Anayetushinda kila siku ni binadamu mwenye ufunguo.

#27 Mwl_Hisabati_Igoma
Tukumbuke tu hakuna aliyeonesha kwamba Sidewalk yenyewe imevunjwa na mtu akaingia nyumbani kwa mwingine. Ring ni kesi ya wafanyakazi. Tusichanganye mafaili.

#28 Boda_Buzuruga
Wenye iPhone humu mnaosema "bila kuuliza", simu yako imeshakuwa kwenye mtandao wa hivyo kitambo na hujui. AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu, inafanyaje kazi? Haina laini, haina GPS. Inapiga Bluetooth, iPhone yoyote inayopita inaripoti kwa Apple "nimeiona hapa", kwa bando la mwenye iPhone. Imewashwa yenyewe. Android nao wana wa kwao tangu 2024, ingawa wao kwa kawaida wanasubiri simu kadhaa zikione kitu ndipo waripoti.

Mimi naushukuru. Pikipiki yangu ilibebwa usiku, AirTag ilikuwa chini ya siti. Tukaiona Buhongwa, tukaiona Usagara. Baada ya hapo kimya. Huko vijijini nani anapita na iPhone? Labda ilishavuka daraja la Kigongo hadi Busisi, inakula upepo Sengerema.

#29 Sato_Mkavu
Pole kaka. Kumbe iPhone zina faida, tatizo wenyewe hawatoki Rock City Mall.

#30 Mama_Kulwa_na_Doto
Na hiyo AirTag mwanaume akimwekea mkewe kwenye pochi? Mnasifia tu pikipiki.

#31 Binti_Isamilo
Mama umegusa penyewe. Ilitokea sana nje, mpaka mwezi Mei 2024 Apple na Google wakaweka tahadhari ya pamoja: kifaa cha namna hiyo kikikufuata na si chako, simu yako inakuambia, iwe iPhone au Android. Lakini lazima uwe na simu janja. Mwenye kitochi haambiwi kitu.

#32 Mama_Kulwa_na_Doto
Basi na mimi niseme langu, nimekaa kimya muda. Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba kafunga kamera uani, kwa usalama, sote tulifurahi. Imeelekea bafu la nje. Siyo ndani, mlangoni. Kwa hiyo kila mwanamke anayetoka kuoga na kanga yake yupo kwenye simu ya baba mwenye nyumba, na kwenye simu ya wanawe, na sasa nasikia humu hata fundi yupo. Tukisema tunaambiwa tunaficha nini. Nyinyi mnaulizana spika inasikia nini Houston.

#33 Wakili_wa_Kitaa
Mama, pole sana. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Ipo Tume inayopokea malalamiko. Ila kabla ya Tume, andikeni barua wapangaji wote kwa pamoja, ombeni igeuzwe ielekee geti, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Barua yenye sahihi nyingi inageuza kamera haraka kuliko kesi.

Kwa mleta uzi: anayeingia kwenye mfumo wako bila ruhusa anagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Lakini fundi aliyekupa mwaliko atasema wewe ndiye ulimpa ruhusa. Maliza hilo nje ya sheria kwanza.

#34 Fundi_Mawimbi
Niliweke wazi kwa sababu nafanya kazi hii na naiona kila mahali. Kamera inasajiliwa kwenye akaunti moja, huyo ndiye mmiliki. Fundi mvivu anasajili kwa akaunti yake, anakutumia mwaliko, wewe unaona picha unafurahi. Hapo wewe ni mgeni kwenye kamera yako. Siku akiuza simu bila kufuta, aliyeinunua anaona sebule yako. Kuna familia moja Kiseke nilikuta hivyo. Orodha ya fundi wao wa awali ilikuwa na nyumba nyingi na kila moja imeandikwa jina la mtaa.

Dawa yake: mwambie afute kifaa kwenye akaunti yake, bonyeza kile kitufe cha kurudisha kamera upya, sajili kwa namba yako. Paswedi ya kiwandani badilisha. Mwaka 2016 programu chafu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya paswedi za kiwandani, na mwezi Oktoba mwaka huo ikaziangusha tovuti kubwa za Marekani kwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa inaelekeza watu kwenye anwani za tovuti hizo.

Wapangaji wape mtandao wa wageni, ruta nyingi zina hiyo sehemu. Wanapata intaneti, hawaoni kamera wala spika. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa na waifai kwa kubonyeza kitufe au kuweka namba nane badala ya paswedi. Tangu 2011 inajulikana namba hizo zinaweza kubahatishwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Na paswedi usidhani ni siri. Android ukibonyeza kushiriki inatoa picha ya mraba, rafiki wa mpangaji anaipiga picha, rafiki wa rafiki anapata.

#35 Dagaa_Mwaloni
Mimi bado nasema wadudu. Lakini nitawapa upande mwingine, mnaponda sana huu ushirika. Ziwani injini za mitumbwi zinaibwa, watu wanaporwa hadi nyavu. Kama kuna kitambuzi kidogo kinachotuma neno moja, "niko hapa", na kila mwalo una daraja lake, si tungejua injini imeelekea kisiwa gani? Mawimbi juu ya maji yanakwenda mbali, hakuna ukuta wala mawe ya kuyazuia kama huku mjini. MB 500 kwa mwezi mimi ningetoa bila kinyongo.

#36 Kamanga_Ferry
Hapo ningekubali hata mimi. Lakini daraja liwe la nani? La BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, au la Amazon?

#37 Dagaa_Mwaloni
La BMU. Ingawa nao BMU...

#38 Boda_Buzuruga
😂 malizia sentensi.

#39 Dagaa_Mwaloni
Nina leseni ya kufanyia kazi, kaka. Tuendelee.

#40 Mwl_Hisabati_Igoma
Swali la Kamanga si la mzaha lakini. Mtandao wa injini unajua injini iko wapi, maana yake unajua mvuvi yuko wapi. Mvuvi gani wa Ukerewe atakubali wenzake wajue alikopata samaki?

#41 Dagaa_Mwaloni
Ah. Hapo mwalimu umenikamata.

#42 Mtemi_Nyegezi
Wakuu nashukuru kwa michango yote. Jana nilifanya kazi. Boksi nimechomoa. Spika nimeirudisha upya na kuisajili kwa akaunti yangu, shemeji hana neno, amecheka tu. Paswedi ya waifai nimebadilisha, vijana wa nyuma nimewawekea mtandao wa wageni. Fundi wa kamera nimempigia, kafuta. Kamera ya nje nimezima ule mwanga wa usiku nikawasha balbu ya kawaida mbali kidogo. Picha kupanda usiku nimezuia kwenye simu zote. Na usiku bando halikupungua kitu!

#43 Mwl_Hisabati_Igoma
Umebadilisha vitu vyote kwa mkupuo! Sasa tutajuaje ilikuwa nini? Rudisha kimoja kimoja, kila kimoja kikae usiku wake.

#44 Kamanga_Ferry
Spika imesajiliwa upya, bando limepona. Nilisema mimi.

#45 Dagaa_Mwaloni
Mwanga wa kamera umezimwa, bando limepona. Na giza la mwezi huu linaisha, msisahau hilo.

#46 Mzee_wa_Pasiansi
Boksi.

#47 Mtoto_wa_Malimbe
Wapangaji wamehamishiwa mtandao wa wageni, je umewawekea kikomo cha kasi? Maana huenda wamekasirika tu, wananunua la kwao wiki hii.

#48 Mtemi_Nyegezi
Mwalimu, kurudisha kimoja kimoja mke wangu amekataa. Anasema bando limetulia, niache.

#49 Wakili_wa_Kitaa
Mama Kulwa, mmefikia wapi na ile barua? Kama mnahitaji mtu wa kuwapangia maneno niandikie pembeni, ni bure.

#50 Mama_Kulwa_na_Doto
Tumekusanya sahihi vyumba vyote isipokuwa kimoja, huyo ni mpwa wa mwenye nyumba. Nakuandikia sasa hivi mwanangu.